Vitwitwi wa Uroa wamegeuka wekundu: je, wanaumwa?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa mwani, Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja. Kila bamvua, maji yanapotoka mbali, tukishuka shamba tunawakuta vitwitwi wanadonoa matopeni, na miezi yote huwa rangi ya mchanga na tumbo jeupe. Tokea mwisho wa mwezi wa tatu naona baadhi yao wanageuka: kwanza madoadoa, kisha kifua na tumbo vyote vyekundu, rangi ya tofali. Wenzangu wengine wanasema ni maradhi, wengine wanasema hawa ni ndege wapya. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi, mara tukashuka siku moja tukakuta wametoweka, wamebaki wachache waliopauka. Bibi yangu anasema alipokuwa msichana waliondoka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja. Mbona sasa wanaondoka mapema hivi? Wanakwenda wapi? Wanaobaki ni wagonjwa? Na je, si wao wanaotumalizia mwani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linalogusa mfuko. Vitwitwi hawali mwani. Wanachokitafuta baina ya kamba zenu ni minyoo ya mchangani, kaa wadogo, vikonokono, na vidudu ambavyo huvioni mpaka uchote tope ulitazame kiganjani. Ukikuta ncha za mwani zimetafunwa vimebaki vijiti, mtuhumu tasi kwanza. Yeye huja maji yakijaa, nyinyi mmesharudi nyumbani. Ndege anaonekana mchana kweupe katikati ya shamba, samaki haonekani, basi lawama humwangukia asiyehusika.

Sasa wekundu. Si maradhi, wala si ndege wapya. Ni wale wale mliokuwa nao tangu kusi ya mwaka jana, wamebadilisha manyoya. Wana mavazi mawili kwa mwaka. La huku kwetu ni la kijivu na nyeupe, linapotea juu ya mchanga ili kozi asiwaone upesi. La pili ni la harusi, nalo wanaanza kulivaa hapa hapa Uroa kabla ya kuondoka, ili wakifika kwao wawe tayari kutafuta wenza bila kupoteza siku. Unyoya wa zamani hudondoka, mpya huota ukiwa na rangi, mmoja mmoja. Ndiyo yale madoadoa uliyoyaona mwanzo. Kuotesha manyoya kunataka chakula kingi na mwili wenye nguvu. Mgonjwa hawezi. Kwa hiyo yule aliyekoza rangi mpaka mnamwonea huruma, kwa kawaida ndiye mzima kuwashinda wenzake.

Kwa kuwa unasema wekundu umeshuka mpaka tumboni, karibu nina hakika unaowaona ni wale ambao wataalamu huwaita Calidris ferruginea. Mthibitishe kwa mdomo: ni mweusi, mrefu kuliko kichwa, na umepinda kidogo kwenda chini. Miguu nayo myeusi. Akiruka, tazama pale mgongo unapokutana na mkia, utaona pameng'aa weupe. Yupo mwenzake mdogo anayekimbizana na ukingo wa wimbi, anakimbia mbele maji yakirudi, anarudi mbio maji yakija. Huyo naye huingia wekundu kichwani na kifuani, lakini tumbo lake hubaki jeupe pe, na ukikuta alama za miguu yake mchangani utaona vidole vitatu tu vya mbele. Cha nyuma hana.

Wenzako wanaposema "vitwitwi" wanachanganya makabila mengi, na si kosa, kwa sababu kuanzia Septemba mpaka Februari hata mimi hunibidi kutazama mara mbili. Njia nyepesi ni kuacha rangi na kutazama namna ya kula. Huyu mwenye mdomo mrefu hutembea kichwa chini, anachoma tope mfululizo, haoni anachokichoma. Ncha ya mdomo wake ina mishipa ya fahamu inayohisi mgandamizo wa kitu kilichojificha chini ya mchanga, basi hula hata usiku wa giza. Wa kundi jingine ana mdomo mfupi mnene na macho makubwa meusi. Huyo hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hutulia kabisa, halafu hudonoa kitu kimoja alichokiona kikitikisika. Hao wa macho makubwa nao wamebadilika mwezi huu: walio wadogo wamevaa ukanda wa rangi ya chungwa kifuani na weusi machoni, na yule mkubwa wao, wa kijivu, ameingia weusi wa mkaa kuanzia usoni mpaka tumboni, na ukingo mweupe unaomzunguka. Huyo wa mwisho akiwa amekamilika ni ndege mzuri kuliko wote wa ufukweni, kwa macho yangu. Sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda sana, habadiliki kitu. Atakuja na kuondoka na kahawia yake ile ile.

Rangi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mafuta. Kitwitwi wako wa mdomo uliopinda, akiwa mwembamba mwezi wa kwanza, ana uzito wa kama gramu 55. Kabla ya kuondoka anaweza kuvuka gramu 80, na karibu chote kilichoongezeka ni mafuta yaliyowekwa chini ya ngozi, kifuani, tumboni na chini ya mkia. Mtazame kwa ubavu sasa hivi: tumbo limejaa, limeteremka karibu na miguu. Baadhi ya ndege wa jamii hii wamepimwa ikaonekana kwamba siku za mwisho kabla ya safari hata firigisi na matumbo yao husinyaa, kwa sababu njiani hawatakula na hakuna haja ya kubeba mzigo usio na kazi, wakati moyo na misuli ya kifua huongezeka. Kwa hiyo wiki hizi mbili tatu unazowaona wakihangaika matopeni tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, hawachezi. Kila saa ya kupwa wanaihitaji.

Kuhusu Mfunguo Tatu, bibi yako kasema kweli na ndege hawajabadilika. Mwaka wa Kiislamu hutangulia mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, basi kila mwaka miezi yake inasogea. Mwaka 1965 Mfunguo Tatu iliangukia Aprili. Mwaka 2024 Idi ya mfunguo mosi, miezi miwili kabla ya Mfunguo Tatu, ilikuwa tarehe 10 Aprili. Ndege walikuwa wakiondoka Aprili wakati ule na wanaondoka Aprili sasa. Kilichohama ni mwezi. Wao hufuata jua, na ukitaka kuwahesabia kwa hesabu ya wazee, tumia miongo ya Nairuzi, yaani siku kumi kumi zinazohesabiwa tangu mwaka mpya wa jua wa Waswahili, ambayo wavuvi na wakulima wa zamani waliitumia kwa upepo na mvua, haitakupoteza sana. Watu huuliza wanajuaje wakati, maana hapa kwetu mchana na usiku havitofautiani sana mwaka mzima. Ndege wa kuhama waliofugwa ndani kwenye mwanga usiobadilika, bila jua wala upepo, bado walinenepa na kubadilisha manyoya wakati wao ulipokaribia. Saa wanayo mwilini. Urefu wa mchana huirekebisha tu.

Na upepo unawasaidia. Kaskazi ikishakata na kusi kuanza kushika mwezi wa nne, anayekwenda kaskazini anasukumwa kwa nyuma. Hesabu ile ile ya manahodha wa majahazi waliokuja na kaskazi kutoka Arabuni na kurudi na kusi.

Wanakwenda wapi? Hawaendi pamoja, na hapa ndipo pana utamu. Wale wadogo wenye ukanda wa chungwa kifuani huzaa kwenye nyika na majangwa ya Asia, kuanzia Uturuki mpaka Mongolia, na milima mirefu ya huko. Jangwa hupata joto mapema, basi nao huondoka mapema. Mwisho wa Machi utaona wamepungua. Wako wekundu wanakwenda mbali zaidi: Aktiki ya Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, hasa rasi ya Taymyr na mashariki yake. Kutoka Uroa mpaka huko, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 10,000. Huko ni nchi tambarare isiyo na miti, udongo wa chini umeganda mwaka mzima, na theluji huyeyuka mwezi wa sita. Akiwahi atakuta barafu na njaa. Akichelewa, wadudu wanaowalisha vifaranga watakuwa wameshapita kilele. Kwa hiyo hukaa kwetu mpaka mwisho wa Aprili, wengine mpaka mwanzo wa Mei, halafu hupita Pembe ya Afrika na Arabuni, Bahari ya Kaspi na Kazakistani, wakiteremka kula na kunenepa tena njiani. Wale wa kukimbizana na wimbi huwa miongoni mwa wa mwisho kabisa.

Umesema mlishuka siku moja mkakuta wametoweka. Mngeweza kuwaona wakiondoka, ila mlikuwa nyumbani. Bamvua kwetu maji hutoka kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi, ndiyo saa yenu ya shamba, na hujaa saa kumi alasiri. Maji yakijaa vitwitwi hawana pa kula, hujikusanya kwenye ulimi wa mchanga au kwenye uwazi wa mikoko, wanasimama kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni. Miezi mingine hutulia hivyo mpaka maji yatoke. Mwisho wa Aprili hawatulii. Wanaoga, wanatengeneza manyoya, wanaitana kwa sauti ambayo huisikii siku nyingine. Kikundi hunyanyuka, huzunguka, hurudi chini. Hunyanyuka tena, na safari hii hupanda badala ya kuzunguka. Baadhi hujitoa na kuteremka, waliobaki hujipanga mstari ulioinama upande, wanaelekea kaskazini, bado wanaitana. Aghalabu huwa alasiri kuelekea magharibi, jua halijazama. Chukua mkeka ukae mbali nao, upande ambao jua liko nyuma yako, kuanzia saa tisa. Msimu huu fukwe zimetulia, wacheza tiara za baharini wa Paje wameshapungua na hoteli nyingi zinafunga kwa masika, basi nafasi ni yako. Chukua mwavuli.

Sasa hao wachache waliopauka. Si wagonjwa, ni watoto. Wamezaliwa mwaka jana, na wengi wa jamii hii hawazai mwaka wa kwanza, basi hawana sababu ya kubeba hatari ya kilomita 20,000 za kwenda na kurudi. Hubaki hapa kusi nzima katika nguo zao za kijivu. Na hawa watoto, mwanangu, walikuja peke yao. Huko Siberia baba huondoka mwanzo wa Julai, mayai yakiwa bado au vifaranga wakiwa wachanga; mama hufuata akimaliza malezi; watoto huachwa wakue, wajinenepeshe, na mwezi wa nane waanze safari ambayo hakuna mkubwa wa kuwaonyesha. Wanafika Chwaka na Uroa pasi na kuwahi kuiona bahari hii.

Wingi wao unategemea panya. Nasema kweli. Huko tundra, ile nchi isiyo na miti, kuna panya mnene wa nyasi aitwaye lemingi, ambaye kila miaka mitatu au minne huzaliana kupita kiasi kisha hupungua ghafla. Mwaka lemingi wakijaa, mbweha wa Aktiki na bundi weupe hushiba panya na kuwaacha vitwitwi watage kwa amani. Mwaka unaofuata panya wamekwisha, mbweha wana njaa, na mayai ya kitwitwi yako chini, kwenye majani, hayana mlinzi. Mwaka kama huo karibu hakuna mtoto anayefika kwetu. Kwa hiyo ukiwahesabu waliopauka mwezi wa sita, ukalinganisha na mwezi wa sita wa mwaka ujao, na ujao tena, utakuwa na daftari la mambo ya Siberia lililoandikwa shambani kwako. Mimi ningeanza leo. Daftari la shule linatosha: tarehe ya kizungu (si ya mfunguo, kwa sababu nilizotaja), bamvua au maji mafu, wangapi wekundu, wangapi weupe.

Pembeni ya vitwitwi huenda umemwona ndege mkubwa zaidi, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na domo jeusi nene lisilolingana na kichwa chake. Ni mla kaa. Pwani ya kusini na mashariki ya Unguja ni miongoni mwa mahali anapopatikana kwa makundi, na kisiwa cha Mnemba pia. Naye anaondoka Aprili, lakini haendi kwenye barafu. Huzaa katika joto kali kuliko la kwetu, kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu, Somalia, Omani na Ghuba ya Uajemi, na hachezi na kivuli: anachimba shimo mchangani, anataga yai moja jeupe, na joto la mchanga lenyewe hulifanyia kazi kubwa ya kulilalia, hata wazazi wanaweza kuondoka kwa muda mrefu. Tofauti na watoto wa Siberia, mtoto wa mla kaa huja na mzazi. Oktoba utawaona matopeni: mkubwa anakamata kaa, na nyuma yake kijana wa kijivu, saizi yake karibu sawa, anamfuata akilialia mpaka apewe. Nimewahi kucheka peke yangu nikitazama mzazi anavyojaribu kumkimbia.

Bibi yako akikuambia kuna ndege wanaokuja wakati hawa wanaondoka, naye amesema kweli pia. Kuna wa Bukini, yaani Madagaska, ambao majira yao ya kuzaa ni kinyume na ya hao wa kaskazini. Baadhi yao huvuka na kukaa pwani ya Afrika ya Mashariki kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba. Mmojawapo ni mfano wa yangeyange mdogo, anayeonekana kwenye mabonde ya mpunga na mabwawa, Pemba hasa. Na yangeyange wa pwani, wale ambao mmoja ni mweupe na mwenzake wa kijivu cheusi wakitembea pamoja mwambani, hawaendi kokote. Ni wa hapa.

Utamjuaje basi aliye mgonjwa kweli? Kusimama kwa mguu mmoja si ugonjwa. Mgonjwa huteremsha mabawa, hukaa peke yake, na ukimkaribia haruki. Ukikuta mmoja, mwache. Ukikuta wengi wamekufa mahali pamoja, usiwaguse wala watoto wasiwaguse, mwambie sheha ampigie afisa wa mifugo, kwa sababu homa ya mafua ya ndege ipo duniani na si jambo la kubahatisha.

Nililobakisha ni ombi. Mwaka 2024 kitwitwi huyu wa mdomo uliopinda, pamoja na yule mkubwa wa tumbo jeusi, waliingizwa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu idadi yao duniani inashuka. Sehemu kubwa ya mwaka wao wanaimalizia kwenye matope kama yenu. Huko Siberia mtu mzima hukaa takriban mwezi mmoja mpaka miwili tu. Nyinyi mnapita baina yao kila siku, wameshawazoea, na kupita kwenu hakuwadhuru: wanasogea hatua kumi wanaendelea kula. Kinachowaumiza ni kufukuzwa maji yamejaa, mbwa anapoachiwa kwenye ulimi wa mchanga au vijana wanapowatupia mawe ili waruke wapigwe picha. Kila kuruka kunachoma mafuta waliyoyatafuta kutwa. Kwa wiki hizi chache, wazuieni watoto, na waongoza wageni waambieni wasimame mbali.

Ukiona mmoja ana pete mguuni, ya bati au ya plastiki ya rangi, au kibendera kidogo, mpige picha kwa simu hata kama haiko wazi, andika rangi na mguu gani, juu ya goti au chini yake, unitumie na tarehe. Ndege wa pwani huvalishwa pete sehemu nyingi za njia hii, karibu na sisi pia, Mida Creek huko Watamu, Kenya. Usimkamate kuisoma.